GEFIRINI: DARAJA LILILOMO NDANI YA UBONGO

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

 

Katika jarida letu hili tumezoea kusoma mashairi, vitendawili na hadithi za Sungura. Hayo yote ni mazuri. Lakini mimi leo naomba ruhusa nilete somo la sayansi. Wapo wenzetu wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya taarabu, eti kikiingia maabara hupotea njia. La hasha! Nitawaonyesha hapa kwamba jambo dogo kabisa, lililojificha ndani ya ubongo, laweza kuelezwa kwa maneno ya hapa hapa kwetu mtoni. Tena si jambo la kujifurahisha tu. Mwisho wa somo utaona linahusu uhai wa mtu.

1. MAJINA MATATU TULIYORITHI

Kiswahili kina majina matatu ya hali ambazo mwili wa binadamu hukakamaa au kutikisika bila mwenyewe kutaka. La kwanza ni degedege, linalowapata sana watoto wenye homa kali. Ukilisikiliza neno hilo unamsikia ndege ndani yake, na wazee wengi waliamini kuna ndege mbaya anayepita usiku juu ya mtoto. La pili ni pepopunda, na hapo pepo yuko wazi, hana haja ya kutafutwa. La tatu ni kifafa, na humo mnasikika kufa, kwa sababu mgonjwa huanguka kama aliyekufa kisha akaamka.

Basi ndege, pepo na kifo ndivyo vitu wahenga wetu walivyoviona walipotazama ugonjwa kwa nje. Hawakuwa wajinga, kwani hakuna aliyekuwa na chombo cha kutazama ndani. Sasa hivi vyombo vipo, na waliotazama ndani wameona kitu ambacho wamekiita daraja. Hicho ndicho kiini cha somo langu.

2. MAFUTA NA BREKI

Hebu fikiria matatu inayotoka Malindi kuja Garsen. Dereva ana mguu wa kukanyaga mafuta na ana mguu wa kukanyaga breki. Gari lenye mafuta bila breki halifiki Garsen. Litaishia mtaroni.

Ubongo nao uko hivyo. Wataalamu wanakadiria kwamba ubongo wa mtu mzima una seli za neva kiasi cha bilioni 86. Seli hizi huongea zenyewe kwa zenyewe usiku na mchana. Kuna zinazosema "fanya!", hizo ni mafuta. Kuna zinazosema "tulia!", hizo ni breki. Watu wengi hudhani kazi ya ubongo ni kuamrisha tu, kumbe nusu ya akili ni kujua kunyamaza.

Chukua mfano huu. Umechota maji, na mtungi wa lita 20 uko chini. Unapoukunja mkono ili kuuinua, msuli wa mbele wa mkono hukaza. Je, ule wa nyuma? Lazima ulegee wakati uo huo. Ukikaza nao, mkono hautakunjika, utabaki kama gogo. Kwa hiyo uti wa mgongo hupeleka amri ya "kaza" upande mmoja, na wakati huo huo hupeleka amri ya "tulia" upande wa pili. Kila hatua unayotembea breki hii inafanya kazi, nawe huna habari.

3. KIVUKO KIITWACHO SINAPSI

Seli mbili za neva hazigusani kabisa. Baina yao kuna mwanya mwembamba mno uitwao sinapsi, wa upana wa nanomita 20 hivi. Ukitaka kujua nanomita ni nini, chukua milimita moja kwenye rula yako uigawe mara milioni moja.

Ujumbe hauwezi kuruka mwanya huo kama umeme tu. Seli ya ng'ambo hii humwaga kemikali, kemikali ikavuka, ikapokewa ng'ambo ya pili. Katika breki za ubongo kemikali kubwa inaitwa GABA. Ilitambulika ndani ya ubongo mwaka 1950. Katika uti wa mgongo, pamoja na GABA, kuna nyingine iitwayo glisini, ambayo ni asidi amino ndogo kuliko zote.

Ng'ambo ya pili kemikali hukutana na kipokezi. Kipokezi ni protini yenye vipande vitano vilivyosimama kwa duara, katikati pana tundu. GABA au glisini ikigusa kipokezi, tundu hufunguka na ioni za kloridi huingia ndani ya seli. Kloridi si kitu kigeni, ni sehemu ya chumvi ile ile inayoanikwa kule Gongoni, njiani kwenda Malindi. Ikishaingia, seli hutulia, haiwaki upesi. Hiyo ndiyo breki.

4. MTUMBWI NA KIGINGI

Sasa tumefika penyewe, msomaji, kaa vizuri.

Ngozi ya seli si ngumu kama ukuta wa mawe. Ni laini kama mafuta, na vipokezi huelea juu yake huku na huko kama mitumbwi juu ya mto Tana. Hapo ndipo pana swali. Kama vipokezi vinaelea ovyo, ni nani anayehakikisha kwamba vitakuwepo pale pale kwenye sinapsi, mkabala na mahali kemikali inapomwagwa? Mtumbwi uliopelekwa na maji hadi Kipini haumsaidii msafiri aliyesimama Garsen. Upo, ni mzima, hauvuji, lakini haupo kivukoni.

Sisi wa mtoni jibu tunalijua. Mtumbwi hufungwa kwenye kigingi. Penye vigingi ndipo mitumbwi hukusanyika, na penye mitumbwi ndipo watu huvuka.

Kigingi cha vipokezi vya breki ni protini iitwayo gefirini. Yenyewe haikai juu ya ngozi ya seli, hukaa chini yake, upande wa ndani. Kipokezi kinapopita kikielea, mkia wake wa ndani hunaswa na gefirini, kikasimama. Baada ya muda chaweza kufunguka kikaenda zake na kingine kikashika nafasi. Kwa hiyo idadi ya vipokezi kivukoni si ya kudumu, huongezeka na kupungua, na hiyo ni njia mojawapo ya ubongo kukaza au kulegeza breki zake.

Gefirini moja peke yake haitoshi. Molekuli zake hushikana. Kwa ncha moja huweza kuungana tatu tatu, kwa ncha ya pili huungana mbili mbili. Ukiunganisha hivyo unapata kitu kama wavu uliotandazwa chini ya sinapsi, nao hunasa vipokezi kama wavu unavyonasa kambare. Ipo pia protini nyingine iitwayo kolibistini, ambayo husaidia kuileta gefirini mpaka karibu na ngozi ya seli. Ndiyo kusema hata kigingi kina mwenye kukipigilia.

Naomba tuelewane hapa. Mfano haufanani na kitu chenyewe kwa kila hali. Kipokezi hakibebi mtu, na GABA haina miguu. Mfano wangu wa mtumbwi ni wa jambo moja tu: breki haifanyi kazi kwa kuwepo, hufanya kazi kwa kuwepo mahali pake.

5. ILIGUNDULIWAJE?

Mwaka 1982, Heinrich Betz na wenzake kule Ujerumani walikuwa wakitafuta kipokezi cha glisini katika uti wa mgongo wa panya. Chambo chao kilikuwa sumu. Striknini, sumu iliyotolewa kwenye mbegu za mti wa Asia na kutambuliwa huko Ufaransa mwaka 1818, hushika kipokezi cha glisini barabara. Basi walitumia striknini kama ndoana na kipokezi kikanasa.

Lakini kila walipokivuta kipokezi, kilikuja na kitu kingine kimekishikilia, protini kubwa yenye uzito wa kilodaltoni 93. Mtu mwingine angesema ni taka, akaisafisha akaitupa. Wao waliuliza: hii nayo inatafuta nini hapa? Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Baadaye ilionekana kwamba protini hiyo hushika kipokezi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hushika tubulini, protini inayojenga kiunzi cha ndani ya seli. Kwa kuwa ilionekana kuunganisha pande mbili, wakaipa jina kutokana na neno la Kigiriki gephyra, maana yake daraja. Mpangilio wake kamili ulichapishwa mwaka 1992.

Mimi nilipojua maana ya jina hilo nilicheka. Sisi tuna daraja letu la Garsen juu ya Tana. Wazee wetu hutusimulia kwamba kabla halijajengwa, magari ya Lamu yalivushwa kwa feri, na mto ukifura watu walilala ng'ambo wakingoja. Mtoto wa Garsen hahitaji kuelezwa thamani ya daraja kwa maneno mengi.

Uthibitisho mkubwa ulikuja mwaka 1998 kutoka Marekani. Watafiti walizalisha panya wasio na gefirini kabisa. Panya hao walizaliwa na vipokezi vya glisini, lakini vipokezi hivyo havikukusanyika kwenye sinapsi, vilitawanyika. Wakiguswa kidogo tu walikakamaa. Hawakuweza kunyonya. Wote walikufa ndani ya siku moja. Tazama basi: mitumbwi ilikuwapo, vigingi havikuwapo, na maisha hayakuwezekana.

6. KAZI YA PILI, AMBAYO HATA MPUNGA HUIJUA

Gefirini ina kazi nyingine ya ajabu. Husaidia seli kuunda kitu kidogo chenye madini ya molibdenumu, ambacho bila hicho vimeng'enya fulani mwilini havifanyi kazi. Kazi hii ni ya zamani sana, ni ya kale kuliko ubongo. Bakteria wana protini za ukoo huu. Mimea pia inazo, na huzihitaji ili itumie nitrati inayotoka udongoni. Kwa hiyo mpunga na mahindi yanayopandwa katika delta yetu hutumia ndugu wa gefirini, ilhali mpunga hauna neva hata moja.

Ndiyo kusema maumbile hayatupi chombo cha zamani. Fundi aliyekuwa akichonga mwiko alipewa na kazi ya kuchonga kigingi, akazifanya zote mbili. Hasara yake ni kwamba fundi huyo akikosekana, kazi zote mbili hulala. Mwaka 2001 ilielezwa familia moja ambayo watoto wake wachanga walifariki kwa sababu jeni ya gefirini, iliyo kwenye kromosomu ya 14, ilikuwa na kasoro. Bahati njema, jambo hilo ni nadra sana duniani.

7. NJIA TATU ZA KUHARIBU BREKI MOJA

Ukielewa sinapsi ya breki, magonjwa yanayoonekana hayahusiani utayaona ni ndugu. Nitayapanga kwa utaratibu:

(a) Kemikali isimwagwe. Hii ndiyo pepopunda. Viini vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama. Vikiingia kwenye kidonda kirefu, au kwenye kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa chombo kichafu, hutoa sumu. Sumu hiyo hupanda kwa njia ya neva mpaka uti wa mgongo, na huko huikata protini inayosaidia kumwaga glisini na GABA. Vipokezi vipo, gefirini ipo, lakini hakuna kinachovuka. Misuli yote hukaza kwa pamoja, taya hufunga, mgongo hupinda. Mgonjwa yu macho na anasikia kila kitu. Hapa hapana pepo wala punda. Kinga yake ni sindano, na ndiyo sababu mama mjamzito hudungwa kliniki.

(b) Kipokezi kizibwe. Hii ni kazi ya striknini. Glisini imemwagwa na kipokezi kiko kivukoni, lakini mahali pa kushika pamekaliwa na sumu.

(c) Kipokezi kisiwe mahali pake. Hili ndilo lililowapata wale panya wasio na gefirini.

Ukitazama kwa nje, yote matatu yanafanana: mwili unakakamaa. Ukitazama kwa ndani, kila moja limevunja kitu chake. Hii ndiyo faida ya kutazama ndani, maana dawa hufuata chanzo, haifuati sura.

8. KIFAFA, VIDONGE NA SAA

Mwenzangu wa kidato cha tatu atauliza, "Sasa wewe mambo ya neva umeyatoa wapi, na sisi tutafunzwa kidato cha nne?" Swali zuri. Nimeyafuata mapema kwa sababu ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ana miaka 14 na ana kifafa.

Zamani dada alipoanguka watu walikimbia. Walisema povu lake huambukiza. Alipopewa vidonge alikaa miezi mingi bila kuanguka, basi nyumbani wakaona amepona, vidonge vikaachwa ghafla. Haikuchukua muda alianguka karibu na mafiga, na mkono wake wa kushoto una kovu mpaka leo. Nyanya alisema ni mambo ya shetani. Mimi nilimheshimu nyanya, sikubishana naye, lakini moyoni niliuliza: shetani gani huyu anayeogopa kidonge, na kidonge kikiisha anarudi?

Jibu liko kwenye sinapsi. Fenobabitoni, dawa ya kifafa iliyoanza kutumika mwaka 1912 na ambayo bado hutumika sana Afrika, na diazepamu iliyoingia mwaka 1963, zote hufanya kazi kwenye kipokezi cha GABA. Moja husaidia tundu likae wazi muda mrefu zaidi, nyingine husaidia lifunguke mara nyingi zaidi. Yaani zinatia nguvu breki. Ubongo uliozoea dawa hiyo ukinyang'anywa ghafla ni kama gari lililokatwa breki kwenye mteremko. Kwa hiyo vidonge haviachwi bila daktari, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Sisemi kwamba gefirini ya dada yangu ina kasoro. Kifafa kina vyanzo vingi. Utafiti uliotolewa mwaka 2013, uliofanywa Kilifi kwa jirani zetu pamoja na sehemu za Uganda, Tanzania, Ghana na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba matatizo wakati wa mimba na kuzaliwa, kuumia kichwa, na magonjwa ya vimelea yanahusika sana. Haya mengi yanaweza kuzuiwa.

Lakini kuna jambo moja kuhusu vipokezi ambalo kila mtu wa delta anapaswa kulijua. Mtu akitikisika kwa muda mrefu bila kukoma, vipokezi vya GABA huanza kuondoka kwenye sinapsi na kuzama ndani ya seli. Hili limeonekana kwa wanyama wa maabara, na gefirini nayo imeonekana kupungua katika ubongo wa panya waliopitia mtikisiko wa namna hiyo. Sasa fikiri: diazepamu inafanya kazi kwenye kipokezi. Kipokezi kikiwa kimezama, dawa itashika nini? Ndiyo sababu sindano ile ile ambayo ingemtuliza mgonjwa mapema, huenda ikashindwa akicheleweshwa. Si kwamba dawa ni mbovu. Mitumbwi imeondoka kivukoni.

Wahenga walinena, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Siku hizi nikiisikia methali hiyo namwona mtoto mwenye degedege anayefukizwa moshi chini ya shuka ilhali dakika zinakwenda.

Na hapa kwetu dakika zinakwenda haraka zaidi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yalikata barabara na kuzingira vijiji katika kaunti yetu ya Tana River. Mgonjwa wa kijiji kilichozungukwa na maji hufika hospitali amechoka, na ubongo wake umechoka zaidi. Basi madaraja ni mawili: lile la ndani ya seli na hili la juu ya mto. Likikosekana la nje, la ndani nalo hupotea. Wakubwa wanapopanga bajeti ya barabara na zahanati, hili nalo wanapaswa kulijua.

9. LA KUFANYA MTU AKIANGUKA

Nisikuache hivi hivi, mpenzi msomaji. Akianguka mwenzako darasani, sokoni au mtoni, fanya haya:

(i) Usikimbie. Kifafa hakiambukizi kwa povu wala kwa mate.
(ii) Mwondoe penye moto, maji na vitu vikali. Akiwa majini, mtoe mara moja.
(iii) Mlaze kwa ubavu ili mate yatoke, umlegeze kola na mkanda.
(iv) Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni, na usimmiminie maji wala dawa ya kunywa. Usimkandamize kwa nguvu.
(v) Tazama saa. Mara nyingi hali hukoma yenyewe baada ya dakika moja au mbili. Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni dharura: hospitali upesi. Vile vile aliyeanguka kwa mara ya kwanza, mtoto mwenye homa, mama mjamzito na aliyetolewa majini, wote wapelekwe.
(vi) Akiamka, msemeshe kwa upole. Usimcheke.

Na mwenye kifafa asiende kuoga wala kuchota maji Tana peke yake. Mto wetu una mamba na viboko, lakini hata bila hao, kuanguka majini peke yako yatosha. Dada yangu sasa anameza vidonge vyake kila siku, yuko Gredi ya 8, na mtoni huenda na mwenzake. Anaketi dawati la mbele, si kwa kutengwa, ni kwa kupenda hesabu.

MSAMIATI

Sinapsi: mwanya baina ya seli mbili za neva ambapo ujumbe huvuka.
Kipokezi: protini inayopokea kemikali ya ujumbe kwenye seli.
GABA na glisini: kemikali zinazotuliza seli za neva.
Gefirini: protini inayovishikilia vipokezi vya kutuliza mahali pake kwenye sinapsi.
Kolibistini: protini inayosaidia kuileta gefirini kwenye ngozi ya seli.
Kimeng'enya: protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini panya wasio na gefirini walikakamaa ingawa walikuwa na vipokezi?
2. Eleza tofauti kati ya sumu ya pepopunda na striknini jinsi zinavyoharibu breki ya mwili.
3. Jina gefirini lina maana gani, na kwa nini lilichaguliwa?
4. Kwa nini dawa ya kutuliza mtikisiko hufaa zaidi ikitolewa mapema?
5. Waulize wazee wa kwenu majina mengine ya kifafa katika Kipokomo, Kiorma au lugha yoyote ya nyumbani, kisha uyalete chamani Ijumaa tuyajadili. Usiyacheke. Tutayaweka upande mmoja, na elimu mpya tutaiweka upande wa pili, tuone daraja litapita wapi.